Mlio wa Trekta la Mama Loveness

Wiki ile niliyoitwa Ushirombo kutazama trekta la Mama Loveness, nilikuwa nimemfukuza binti yangu nyumbani kwa sababu ya salamu. Nasema hili mapema ili mjue mnasoma habari za mtu wa namna gani.

Ritha ana miaka ishirini. Alirudi kutoka chuo mwezi wa nane, na tangu siku hiyo, kwa nilivyoona mimi, hakunipa shikamoo hata moja. Anapita nyuma yangu nimeinama kwenye injini, kimya. Anaingia jikoni asubuhi, kimya. Mimi Silvesta, fundi ninayejulikana Masumbwe nzima, napitwa kama gogo na mtoto niliyemzaa! Nilivumilia miezi mitatu. Mwezi wa kumi na moja ulipoingia nikamwambia afungashe aende Didia kwa dada yangu, akafundishwe adabu. Alilia, akasema maneno ambayo sikutaka kuyasikiliza. Mke wangu Suzana alinifokea hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Lakini Suzana siku hizi anafoka kwa kila kitu, hata akiniita kula. Nikamwambia na yeye akitaka aende.

Basi, tuje kwenye trekta. Lilikuwa jekundu, la zamani, Mama Loveness aliachiwa na marehemu mumewe, na ndilo lililomlimia shamba lake na mashamba ya majirani. Sasa lilikuwa limeanza kugonga. Fundi mmoja wa huko alilisikiliza akatikisa kichwa, akasema beringi ya krenki imekwisha, injini imekufa, auze kama chuma. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amekwisha kufika. Aliegesha gari lake kando ya banda, akaliegemea huku akitafuna muwa. Mvua zilikuwa zimeanza. Likiuzwa, Mama Loveness angerudi kwenye jembe la mkono, na magoti yake yale ya kuvimba.

Alisimama mbele yangu akanishika mkono. "Fundi, nimekuita wewe kwa ajili ya hilo sikio lako. Ukisema limekufa, nauza leo. Ukisema zima, huyu namfukuza."

Sikio langu! Nilivimba kichwa, sitaficha. Miaka tisa nimetengeneza injini za karasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu kutwa nzima. Nilikuwa nasimama katikati ya makarasha manne yakinguruma kwa pamoja, nikataja lipi lina valvu mbovu. Wenzangu walijiziba masikio kwa vitambaa. Niliwacheka. Fundi wa karasha anayeziba masikio, tulikuwa tunasema, huyo ni fundi wa baiskeli.

Nikamwambia awashe. Trekta likatikisika, moshi ukatoka, nami nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka kwenye injini na mpini sikioni, kama ninavyofanya siku zote. Nikafumba macho. Nilisikia mngurumo wa chini, mzito, basi. Nikahamisha bisibisi mbele, nyuma, chini kwenye sampu, beseni la oili. Hakuna kinachogonga. Nikaonyesha kwa mkono aongeze mafuta, akaongeza. Hakuna.

Nilifurahi kabisa. Nikainuka nikijifuta mikono. "Mama Loveness, trekta lako halina neno. Huyo fundi wako ana wazimu, hakuna kinachogonga hapa."

Hakuna aliyefurahi pamoja nami. Mama Loveness alikuwa ameduwaa juu ya kiti cha trekta. Binti yake Loveness, mama mzima mwenye mtoto mgongoni, aliacha kupepeta mahindi na ungo ukabaki hewani. Mnunuzi wa chuma akatema kapi la muwa akaanza kucheka, hadi akajishika tumbo. Akaja karibu.

"Mzee, mimi niko kule kwenye gari nasikia ta-ta-ta-ta. Mtoto wa mgongoni anasikia. Wewe umelala na sikio juu yake husikii?"

"Unanichezea wewe!" Nilimwinulia spana. Kweli nilitaka kumpiga.

Mama Loveness alizima trekta, akashuka kwa shida, akaja kusimama karibu sana na uso wangu, akasema polepole na kwa nguvu: "Fundi, linagonga. Linagonga sana."

"Mbona mimi..."

"Yaya, hapana, fundi, nisikilize. Ulipoingia hapa uani, Loveness alikupa shikamoo. Akarudia. Mara ya tatu alipiga goti karibu na begi lako. Ulimpita. Tukasema labda ni maringo ya watu wa dhahabu, tukanyamaza."

Nilimtazama Loveness. Akaitikia kwa kichwa, macho chini, kwa aibu ambayo ilikuwa yangu.

Nilikaa chini palepale kwenye matope. Sijui nikae vipi nieleze ule mshtuko. Kwanza nilikumbuka wateja wa mwaka ule, jinsi wote walivyokuwa wananong'ona, nami nikadhani ni heshima. Kisha Suzana na mishipa yake ya shingo. Kisha Ritha anayepita nyuma yangu nikiwa nimeinama. Nyuma yangu! Siku zote nyuma yangu.

"Kwa hiyo nauza?" Mama Loveness aliuliza. Nilimsoma midomo, na nikagundua kwamba kumbe nimekuwa nikisoma midomo muda mrefu bila kujijua.

"Usiuze kwanza," nilisema. "Niazime masikio yako."

Nilifungua kava la juu ya injini. Trekta la silinda tatu lina valvu sita, na kila moja ina mkono wa chuma unaoigonga. Nilimweleza Mama Loveness kwamba kazi yake ni moja tu. Awashe, liende polepole. Mimi nitachomeka kibati chembamba kuziba mwanya wa kila valvu, moja baada ya nyingine. Mlio ukikatika, anyooshe mkono juu. Kama hautakatika kwenye yoyote, basi huenda yule fundi mwenzangu amesema kweli.

Likawaka. Oili ikanirukia usoni. Valvu ya kwanza, nikamtazama: mkono chini. Ya pili, chini. Ya tatu, chini. Mnunuzi wa chuma alikuwa amekwisha kufungua mlango wa nyuma wa gari lake na kutoa minyororo. Niliogopa kuchomeka ya nne. Nilikuwa na uhakika kwamba nimemmaliza yule mama, na kwamba ningerudi Masumbwe nikiwa mtu asiyefaa kwa kazi yoyote.

Nikachomeka. Mkono wa Mama Loveness ukaruka juu, na wa pili pia, na mdomo wake ukafunguka wote. Nikatoa kibati, mikono ikashuka. Nikarudisha, ikapanda. Nikarudia mara nne kama mjinga. Tapeti, skrubu inayopanga mwanya wa valvu, ilikuwa imelegea, nati yake ukiigusa kwa vidole inazunguka. Tulizima, nikaikaza, kazi ya dakika kumi. Lilipowaka tena, Loveness alianza kupiga vigelegele, niliviona. Mnunuzi alirudisha minyororo yake garini akaondoka bila kuaga, au labda aliaga.

Sikurudi Masumbwe. Nilipanda basi la Kahama, nikaunganisha hadi Didia, nguo zimelowa oili, watu wakinikwepa kwenye kiti. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Nilimkuta Ritha bombani na wanawake watano sita, jua linaanza kushuka. Aliniona kutoka mbali. Nilisimama mbele yake, safari hii mbele, nikamkazia macho midomoni kama mwizi. Nikangoja. Ile midomo haikusogea. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kweli kweli binti yangu kuninyima salamu, na nilimwelewa.

Wanawake walikuwa wanatutazama. Sikujua sauti yangu ni kubwa kiasi gani, na wala sikujali. Nikapiga goti kwenye tope la bomba.

"Shikamoo, Ritha," nilisema.

Mwanamke mmoja aliachia ndoo, maji yakatapakaa miguuni petu. Mwingine alijishika kichwa kwa mikono miwili, maana wapi umeona baba akimwamkia mwanawe? Ritha alijifunika uso kwa khanga. Alisema kitu, niliona khanga ikisogea mdomoni, lakini midomo yenyewe sikuiona, kwa hiyo hadi leo sijui alinijibu nini.