Sura ya Mrukaji

Dative alikuwa na miaka themanini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuiona sura ya baba yake. Wengine hulilia mashamba, wengine hulilia ng'ombe waliochukuliwa. Yeye alililia sura. Baba yake, Habiyaremye wa vilima vya Masisi, alikufa kwa homa wakati yeye hajaanza hata kukaa, na hakuacha picha, maana siku zile picha zilikuwa mambo ya mapadri na Wazungu. Alichoacha ni maneno ya mkewe. Mukashyaka, mama yake Dative, alisema mpaka anaingia kaburini kwamba Habiyaremye yumo ndani ya filamu: Wazungu walikuja na mashine ya miguu mitatu, wakamchukua siku tano, wakamrudisha na blanketi na chumvi. Filamu yenyewe Mukashyaka hakuiona, wala hakuna mtu wa kilima kile aliyeiona. Ilibebwa ikaenda zake.

Basi Bénita, mjukuu wa Dative aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alipoingia nyumbani kwao Munigi na habari kwamba huko Himbi kuna kijana anaonyesha filamu za zamani zilizopigwa Kivu, na anatafuta wazee wa kumtambulia watu na milima, Dative hakuuliza ni lini. Alikwenda kuoga. Bénita akabaki kuueleza ukuta kwamba ni kesho kutwa.

Kijana huyo aliitwa Landry Bashige. Alikuwa na chumba kimoja kirefu chenye mapazia mazito, kompyuta, na projekta ya kutupia picha ukutani. Filamu alitumiwa kutoka maghala ya Ulaya, na kila ilipoonekana sura ya mtu mweusi, karatasi za huko ziliandika neno moja tu, "mwenyeji", kana kwamba wenyeji wote walizaliwa na jina hilo. Kazi yake ilikuwa kulifuta neno hilo na kuandika jina la kweli. Dative alimpenda papo hapo.

Hawakwenda wawili. Walimchukua na muzee Ntirenganya, jirani yao wa Munigi, mchungaji wa zamani mwenye miaka tisini na mitano. Ndiye mtu pekee aliyebaki juu ya ardhi ambaye aliwahi kumwona Habiyaremye akiwa hai, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka minane. Sikio lake moja lilikuwa limekwisha kazi, lakini macho alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho mwaka uliopita, na hakuna aliyekutana naye bila kuelezwa jinsi anavyoona mpaka kisiwa cha pili ziwani.

Mapazia yakafungwa mchana kweupe, na picha ikaanza kuruka ukutani. Sauti ya filamu ilikuwa imepotea zamani, na mwanzo wake umeoza, kwa hiyo waliingia katikati ya kisa. Shujaa alikuwa Mzungu mwenye kifua kama kabati. Landry aliwaeleza kwamba zamani zile watengenezaji wa filamu za porini walipenda kuchukua mabingwa wa kuogelea na wa riadha, wakawavika kipande cha ngozi kiunoni, wakawaambia wakimbie. Huyu alikimbia kweli. Alipita msituni miguu mitupu, mapaja wazi, asiwashwe na upupu hata mara moja, na yeyote aliyewahi kukata kuni kwenye misitu yetu anajua kwamba huo peke yake ni uongo wa kutosha kumfungia mtu. Kisha akajitupa ziwani akapigana na mamba.

Muzee Ntirenganya aliuliza tangu lini ziwa Kivu lina mamba. Landry akacheka, akasema mamba alipigwa picha nchi nyingine, ziwa likapigwa hapa, kisha vipande vikaunganishwa. Dative akamgeukia. Aliuliza kama ni kweli mamba alikuwa kwingine, na maji kwingine, na mtu kwingine. Landry akasema ndivyo. Roho ya Dative ilianza kuyumba. Kama watu hawa waliweza kumweka mamba mahali asipokuwapo, yeye angejuaje baba yake yuko wapi?

Ndipo wakatokea wapagazi. Walikuja kwa mstari, masanduku kichwani, wakipanda kilima ambacho Dative alikijua bila kuambiwa. Wa tatu alitua mzigo, akafuta jasho, akatazama mbele moja kwa moja, kana kwamba ameitwa. Alikuwa na paji pana na macho ya upole. Watu husema damu huvutana, na ya Dative ilivutwa mpaka akainuka kwenye kiti. Alisema ni huyo. Landry akasimamisha picha.

Dative alilia bila aibu, kilio cha mtu aliyekiweka miaka themanini na sita. Kisha akaanza kuongea na yule mpagazi. Alimwambia kwamba Mukashyaka hakuolewa tena. Alimwambia kwamba yeye alizaa saba, akazika watatu, kwamba Masisi wameiacha kwa sababu ya vita na ng'ombe hawapo tena, na kwamba huyu hapa Bénita amesoma, anafundisha watoto wa watu. Bénita naye akafuta macho. Landry aliandika katika daftari lake: Habiyaremye, Masisi. Kila mtu aliridhika.

"Ule haiko yeye," akasema muzee Ntirenganya.

Alisema taratibu, kama mtu anayekataa chai. Bénita akamnong'oneza Landry kwamba muzee hasikii vizuri, aendelee tu. Landry akaendelea. Shujaa sasa alikuwa akikimbizwa na wapiganaji wenye mikuki, akafika mahali ambapo wengine wamemziba njia. Walishika mkuki mmoja kwa kuulaza, juu kuliko vichwa vyao, na ilionekana wazi kwamba hapo amekwisha. Shujaa akakimbia, akakanyaga kichuguu, akapaa. Aliuvuka ule mkuki kama mtu anayevuka kizingiti cha mlango wake.

Fimbo ya muzee Ntirenganya ikaanguka sakafuni. Alikuwa amesimama, yeye ambaye kusimama kwake huhitaji watu wawili.

"Njo ule," akasema. "Habiyaremye njo ule anaruka."

Wakatazama ukuta. Aliyeruka alikuwa Mzungu, mweupe kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu. Penye wazee haliharibiki neno, ndivyo tunavyosema. Hapa mzee alikuwapo na neno likaharibika mbele ya macho ya wote.

Dative alikasirika. Alimwambia muzee kwamba baba yake hakuwa Mzungu, na kwamba mtu asichezee maiti za wenzake. Lakini alipokwisha kusema hivyo, wazo baya lilimpitia, nalo nalisema kwa sababu lilimpitia kweli: alitazama ngozi ya mkono wake, akaigeuza mbele na nyuma, akamfikiria mama yake na zile siku tano. Alikuwa na miaka themanini na sita na akaanza kujiuliza yeye ni nani. Bénita aliuona ule mkono unavyogeuzwa, naye, mwalimu mzima, akajikuta anahesabu miezi.

Landry ndiye aliyemwomba muzee aeleze. Muzee akaeleza kwa kirefu, na ni vizuri alieleza. Zamani kule vilimani vijana wa wafugaji walikuwa na mchezo wao wa kuruka, gusimbuka. Walisimamisha matete mawili, wakalaza ufito juu yake, wakaweka jiwe au kichuguu cha kukanyagia, na kijana asiyeuvuka ufito uliomzidi kimo hakuwa na la kusema mbele ya wasichana. Wengi waliruka, lakini Habiyaremye aliruka kwa namna yake peke yake. Alipanda magoti yakiwa pamoja, na akifika juu hutupa mkono wa kushoto nyuma, kama anayefukuza nzi. Hakuna mwingine aliyefanya vile, kwa sababu mwingine akifanya vile huanguka.

Landry akarudisha picha nyuma, akaiachia polepole. Magoti yalikuwa pamoja. Mkono wa kushoto ukafukuza nzi.

Akarudisha tena, na sasa wote wakaona lile ambalo macho yao yaliliona tangu mwanzo na wao wakalikataa. Aliyekuwa akikimbia alikuwa na kifua cha kabati. Aliyekuwa hewani alikuwa mwembamba, miguu mirefu isiyo na mwisho. Aliyeendelea kukimbia baadaye alikuwa kabati tena. Hakuna mtu anayekonda akiwa hewani na kunenepa akitua. Landry akaikuza picha: kwenye magoti ya mrukaji weupe ulikuwa umepasuka, unadondoka vipande vipande.

Muzee akakaa chini. Alisema kumbe ni ile ingwa, udongo mweupe wa kupakia kuta. Wanawake walitumwa kuichimba siku tatu, ikapelekwa kambini kwa Wazungu vyungu na vyungu, na watoto walipotaka kufuata walifukuzwa kwa mawe. Yeye alidhani Wazungu wanajenga nyumba.

Ikawa wazi kwamba alipakwa udongo aruke mahali pa Mzungu, na ilipokuwa wazi ndipo Dative alipochanganyikiwa zaidi. Mama yake alijua? Kama alijua, kwa nini hakusema? Au Habiyaremye alioga mtoni kabla ya kurudi, akamwambia mkewe kuhusu chumvi na blanketi, mengine akayameza? Na yule mpagazi, ambaye amekwisha kumpa habari zote za ukoo, ni baba wa nani? Aliona aibu mbele yake, kama mtu aliyemkumbatia mgeni sokoni.

Akaomba aonyeshwe sura. Landry alitafuta kipande kimoja kimoja, akakipata: mrukaji ametua, na kwa muda wa kupepesa jicho amegeuka, mdomo wazi, meno nje, anacheka. Landry aliikuza sura ile mpaka ikawa kubwa kama sinia. Ilikuwa nyeupe kama ukuta wenyewe, yenye matundu mawili meusi ya macho na nywele za bandia juu. Dative aliitazama sana. Alingoja damu ivute. Haikuvuta.

Bénita akasema kompyuta inaweza kugeuza rangi, cheupe kiwe cheusi. Landry akabonyeza. Sura ikawa nyeusi, lakini macho yakawa meupe na meno yakawa meusi, na anga nyuma yake ikawa usiku. Bénita alisema huyo sasa ndiye. Landry akasema hapana, hiyo ni mashine tu, mtu huyo hajawahi kuwapo. Wakabishana, na Dative akawakata, akamgeukia muzee. Aliuliza ni yupi, mweupe au mweusi. Alisema yeye atamkubali yule muzee atakayemwonyesha.

Muzee Ntirenganya aliinama, akaiokota fimbo yake sakafuni.

"Mama Dative, siwezi kukudanganya. Sura yake sijue," akasema. "Mutu anaruka, nani anamuangaliaka sura? Siye tulikuwa tunaangalia miguu."

Maneno hayo yalimuuma Dative kuliko msiba. Mtu wa mwisho aliyemwona baba yake alimwona magotini. Hakubaki mtu duniani wa kumwambia, na picha iliyobaki ni ya udongo. Alimwambia Landry airudishe ile ya kwanza, yenye weupe, kama ilivyopigwa. Kisha akainuka, akasema anakwenda kuitazama karibu, maana kama ni udongo basi pengine karibu utaona ngozi.

Alikwenda taratibu, mkono ukishika viti. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba ataikinga picha. Alipoufikia ukuta, kivuli chake kilikuwa kimeifunika sura yote, na pale aliponyosha kidole hapakuwa na kitu ila kivuli cha kidole.

"Ameenda wapi?" akauliza.

Bénita alikuwa ameshika mdomo. "Koko, usigeuke," akamwambia bibi yake. "Simama hivyo hivyo. Iko ku mugongo yako."

Na kweli alikuwa mgongoni. Dative alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, la rangi ya kahawa, na sura yote ya projekta ilikuwa imemwangukia yeye. Ukutani udongo ulikuwa umepata ukuta mweupe wa kusaidiana nao. Hapa haukupata. Weupe ulizama kwenye kitambaa, na sura ikatoka na rangi ya kahawa, paji lake likipanda mpaka kwenye shingo ya Dative na kuwa rangi ya shingo ile. Macho yalikuwa macho, na meno yalikuwa meno. Alikuwa anacheka.

Muzee Ntirenganya alikokota kiti mbele. Alitazama kwa yale macho yake ya kupasuliwa, na safari hii alitazama sura.

"Lakini huyu ni mutoto," akasema. "Mama Dative, papa yako ni mutoto. Haijafika hata miaka makumi tatu."

Maisha yote Dative alikuwa akimtafuta mzee, mtu mwenye fimbo na sauti, wa kumpigia magoti. Wajukuu wake wote walikuwa wakubwa kuliko huyu. Aliinama kidogo, kiuno kikirudi nyuma, akazungusha mikono miwili mgongoni, akaifunganisha chini ya ile sura, akatulia.

"Bénita, piga foto nimuone," akasema. "Pole pole. Nimemushika."

Bénita akainua simu, na Landry akaweka mkono juu ya projekta isitikisike.