Mlango wa Jikoni kwa Mama

Tovuti ya ujenzi ilipompa seremala mmoja jina la "mtaalamu" na kuweka picha yake amekunja mikono kifuani, kichwa kilimvimba. Kila wiki akawa anaiandikia makala ya ufundi: kabati lililopinda, dirisha lisilofunga, mlango unaokwama. Wasomaji wakammwagia sifa, naye akajiona kafika.

Jumapili moja akapitia kwa mama yake. Akakuta mlango wa jikoni umerandwa juu hovyo hovyo, kama umetafunwa na panya, na pengo lake linapitisha mkono.

"Nani kakuharibia mlango hivi, mama? Huyo hajui hata kushika randa!"

"Ni jirani. Ulikuwa unakwama, akauranda pale unapokwaruza. Alikuwa akisoma kwenye simu huku anafanya, neno kwa neno. Maneno yako hayo, baba."

Seremala akaukamata mlango kwenye kitasa, akaunyanyua kidogo. Ukacheza. Kumbe ni skrubu za bawaba tu zilizolegea, zingekazwa, yakaisha. Kila seremala huanza kwa kuunyanyua mlango namna hiyo, lakini yeye hakuliandika hilo, kwa sababu mkono wake hulifanya wenyewe bila kuulizwa.

"Sasa si ungenipigia simu, mama!" akafoka, na hasira yote ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua.

"Nilikupigia, mwanangu. Ukaniambia umeshaandika, nikasome."