Safuwima ya Tarehe

Ofisini walimwita Mshonaji, na jina lenyewe alilipenda. Kurasa zote za ile programu ya maghala ya dawa alikuwa amezishona kwa mkono: kila kitufe, kila rangi na kila jedwali vilifuata CSS, yaani maandishi ya kuzipa kurasa sura, aliyoiandika mwenyewe tangu kampuni ikiwa chumba kimoja. Sasa bosi alitaka programu isukwe upya kwa fremuweki, yaani CSS iliyokwisha kutengenezwa na wengine, wewe unachukua na kutumia. Mshonaji aliposikia, akajiuliza: Watu wakianza kuvaa nguo za dukani, mshonaji ni wa nini?

Na aliyeleta wazo hilo alikuwa nani kama si shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi pale. Mshonaji akamtania kwamba fremuweki ni mapambo ya matangazo: nafasi pana, herufi kama za bango, mtunza ghala anaona dawa nne tu kwenye kioo kizima. Shemeji alikubali kuwa nyingi ziko hivyo, na ndiyo maana yeye alichagua iliyobana mistari, yenye majedwali ya watu wa kazi. Hapo wakakwama. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Bosi, mama asiyependa mikutano mirefu, akakata shauri. Kila mmoja atengeneze ukurasa wa akiba ya dawa kwa njia yake, kisha wabadilishane, na kila mmoja aongeze safuwima ya tarehe ya dawa kuisha muda kwenye kazi ya mwenzake.

Mshonaji alicheka kimoyomoyo, maana kwenye CSS yake hakuna aliyewahi kuingia akatoka salama. Akafungua kazi ya shemeji, akasoma kidogo, akaandika mstari mmoja. Safuwima ikakaa mahali pake. Vichwa vya jedwali havikuyumba, na hata kwenye simu kila kitu kilijipanga. Alikuwa amemaliza na chai yake bado inatoa mvuke. Aliona haya, akabaki anabofyabofya vitufe ili aonekane yumo kazini.

Upande wa pili shemeji alikuwa anatokwa na kijasho chembamba. Kila aliposhika alikuta onyo la zamani la Mshonaji katikati ya CSS: usiguse hapa, nitakuja kueleza. Mwishowe akamwita.

"Shemeji, hapa pana nini?"

Mshonaji akainama, akasoma, akasoma tena. Hakukumbuka. Akavuta kiti, akajaribu kuiongeza safuwima mwenyewe, na kitufe cha kufuta kikaenda kulala juu ya jumla ya dawa. Alipokirekebisha, jedwali zima likahamia kushoto. Shemeji alijiuma mdomo mpaka machozi yakamtoka, na Mshonaji alipomtazama, wote wawili wakaangua kicheko.

Bosi akaja kuuliza wamefikia wapi. Shemeji angeweza kumaliza mambo kwa neno moja, lakini akageuka kuyapanga makaratasi yaliyokwisha kupangika. Mshonaji aliliona hilo, na likamgusa.

"Tuchukue ya shemeji," alisema. "Hii yangu hata mimi mwenyewe naiogopa."

Bosi akaitikia kwa kichwa, akauliza nani ataziondoa kurasa za zamani. Shemeji akaisogeza kibodi taratibu mpaka mbele ya Mshonaji, bila utani safari hii.

Mshonaji akafuta CSS ya ukurasa wa kwanza, akangoja uchungu. Ukaja kweli, naye akauacha upite. Kisha akakisukuma kiti chake karibu zaidi na cha mdogo wa mkewe.

"Haya, shemeji, nifundishe. Tuanze na ukurasa wa maagizo."