Gobore Lililoshindiliwa

Nzisa aliitwa aende Mbumbuni na mwanamume asiyemjua. Kwenye simu alisema jina lake ni Ndolo, fundi wa pikipiki, na kwamba nyumbani kwao kuna bunduki ya babu wa babu yake ambayo kaka yake anataka kuiharibu.

"Nimesikia unakusanya hizi vitu," alisema. "Kuja uione kabla haijapotea."

Ni kweli alikuwa akizikusanya, kwa niaba ya jumba dogo la makumbusho huko Kitui. Alizunguka Ukambani kote akitafuta magobore, zile bunduki za kushindilia baruti mdomoni zilizopanda kutoka pwani enzi za misafara ya pembe za ndovu. Mara nyingi alipata vipande tu: mtutu uliopondwa ukawa mtaimbo, kitako kilichobaki baada ya mchwa kula. Gobore zima hakuwa ameliona kwa muda mrefu. Kesho yake alfajiri alikuwa njiani.

Mama yake Ndolo, Kathini, alikuwa mjane mwembamba mwenye sauti ya chini. Alilitoa gobore kwenye dari ya ghala, likiwa limefungwa kwa gunia, akaliweka juu ya meza nje ya jikoni kama anayelaza mtoto. Ndolo alisimama kando akipangusa grisi mikononi.

Nzisa alilifungua taratibu. Kwenye bamba la chuma kando ya nyundo aliona taji dogo lililofutika nusu.

"Hii imetengenezwa Uingereza," aliwaambia. "Zilikuwa zikiuzwa Unguja. Zamani ilikuwa inalipuka kwa jiwe la gumegume, halafu mtu akaibadilisha itumie fataki, kile kikofia kidogo cha baruti kinachogongwa na nyundo. Mnaona hapa? Na hapa ubao ulivunjika, wakaufunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Ikikauka inabana kama pete. Hiyo ni kazi ya watu wetu."

"Mwenye nayo alikuwa mwindaji," Kathini alisema. "Hivyo ndivyo mume wangu aliambiwa."

Nzisa akachukua ufito mwembamba wa mbao aliotembea nao siku zote, akautumbukiza mtutuni hadi ukagota. Akaweka alama kwa kidole pale ulipoishia mdomoni, akauvuta, akaulaza juu ya mtutu kwa nje. Ufito ulipaswa kufika nyuma kabisa, karibu na nyundo. Ulipungua kwa upana wa kiganja.

Akarudia. Ikawa vilevile.

"Ndolo," alisema, "geuza huo mdomo uelekee shambani. Polepole."

"Kuna nini?"

"Iko na baruti ndani, na risasi juu yake. Kuna mtu aliishindilia na hakuwahi kuifyatua."

"Miaka yote hiyo?" Kathini aliuliza. "Si imeshaoza?"

"Baruti ya hivi haiozi, mama, kama imekaa pakavu. Na dari yako ni kavu."

Aliomba maji. Alitaka kuujaza mtutu na kuuacha uloe kwa siku kadhaa, kisha arudi na chombo cha kuvutia risasi nje. Ndolo alikwenda kuchota ndoo kwenye tangi. Hakuwa amerudi wakati kaka yake alipoingia uani.

Nzioka alikuwa mtu mzima mwenye mvi za mapema, mzee wa kanisa, na nyuma yake alikuja mkewe, Mutindi, aliyevaa sweta licha ya joto. Nzioka alilitazama gobore, akamtazama mgeni.

"Madam, nani amekuruhusu kushika hiyo kitu?"

Nzisa alijieleza. Alimwambia pia kuhusu baruti, na akamwonyesha ufito. Nzioka alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Mke wangu amezika watoto watatu," alisema. "Hakuna hata mmoja alifikisha wiki. Tumeenda hospitali ya Wote, tumeenda Machakos, wanasema hawaoni kitu. Mhubiri alipokuja kutuombea aliuliza swali moja tu: kuna kitu cha damu kwa hii boma? Mimi nikajua ni hii. Hujui huyo mzee aliwinda nini nayo. Wengine wao waliwinda watu."

"Sijui," Nzisa alikubali. "Huenda ni kweli. Lakini nipe nafasi nitoe kilicho ndani. Baada ya hapo nitaibeba iende mbali na nyinyi."

"Iende ikae kwa kioo, watu waisifu?" Alitikisa kichwa. "Itachomwa. Na usinidanganye na hadithi ya baruti. Umeiona nzuri, umeitaka. Nakuelewa."

Akalichukua mezani, akaingia nalo nyumbani kwake, akafunga mlango. Mutindi alibaki uani akitazama chini. Ndolo alikuwa amerudi, amesimama na ndoo ya maji mkononi.

Nzisa alitoa simu. Angewapigia polisi wangefika kabla ya jioni, na alikuwa na wajibu wa kufanya hivyo. Kibali chake cha kukusanya bunduki za kale kilimtaka aripoti silaha yoyote aliyoikuta. Kathini akamshika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, nakuomba. Polisi wakikuja watasema ni yangu. Ilikuwa kwa ghala yangu. Nitalala ndani na hii miaka yangu? Niachie Nzioka. Yeye ni mkali hivyo, lakini ananisikia. Wewe rudi wiki ijayo."

"Na akiichoma kabla?"

"Hataichoma bila kuniambia."

"Mimi nitamchunga," Ndolo alisema. "Nimeelewa vile umesema."

Nzisa alimtazama mama yule, akafikiria selo ya kituo cha polisi na sakafu yake ya simiti. Akairudisha simu mfukoni. Njiani kurudi aliitoa tena mara kadhaa, na kila mara akairudisha.

Siku chache baadaye mhubiri alipita kuelekea Mtito Andei, na Nzioka akaona ndiyo nafasi. Hakumwambia mama yake. Watu wa maombi walikusanyika uani asubuhi, wakawasha moto wa kuni za mgunga, wakatupa humo hirizi moja ya zamani, kibuyu, na vinguo ambavyo Mutindi alikuwa amewashonea watoto. Kisha Nzioka akaleta gobore akalilaza juu ya kuni. Wakaanza kuimba.

Ndolo alikuwa kwenye banda lake barabarani alipoona moshi. Aliacha pikipiki ya mteja imelala chini akakimbia. Waliokuwepo walisema alipita katikati yao akipiga kelele watu watoke, watoke, na wengine walidhani amepagawa. Mutindi ndiye aliyekuwa amesimama upande wa mdomo wa bunduki. Ndolo alimsukuma akaanguka. Halafu, badala ya kukimbia, akachukua jembe akajaribu kulivuta gobore kutoka motoni.

Gobore lililia mara moja. Haikuwa sauti kubwa sana, walisema, kama mlango wa lori ukifungwa. Risasi ilimwingia Ndolo chini ya mbavu. Walimpakia kwenye gari la mhubiri lakini hakufika hospitali ya Wote akiwa hai.

Polisi walikuja. Walimchukua Nzioka, na wakamchukua Kathini pia, kwa sababu bunduki ilikuwa imewekwa miaka yote katika ghala lake. Mama alilala kwenye ile sakafu aliyoiogopa, na aliachiliwa siku moja tu kabla ya mwanawe Ndolo kuzikwa.

Kesi ilipofika mahakamani Nzisa aliitwa kutoa ushahidi. Aliulizwa kama alijua silaha ina risasi. Akasema alijua. Akaulizwa kwa nini hakuripoti. Akasema mama mwenye boma alimwomba. Hakimu aliandika bila kuinua uso.

Nzioka alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akapewa kifungo cha nje. Nje ya mahakama alimfuata Nzisa hadi kwenye geti.

"Ulisema ukweli siku ile," alimwambia.

"Nilisema."

"Ungeita polisi ningekuchukia mpaka kufa. Lakini ningekuwa na ndugu."

Nzioka akageuka akaondoka. Kathini alikuwa chini ya mti kando ya barabara akiwa ameshika tama, na Mutindi amesimama karibu naye. Mama hakugeuka Nzisa alipomsalimia. Mutindi ndiye aliyeitikia, kwa sauti ndogo.

Tangu hapo Nzisa huripoti kila gobore siku ileile, na huenda na askari. Amepata mawili tu, kwa kuwa watu wengi huogopa polisi. Mwaka huu mwanamke mmoja wa Kilungu alimpigia kuhusu mtutu uliofukuliwa shambani. Nzisa alimweleza usiguswe, usikaribishwe moto, na kwamba atafika na polisi.

"Basi, wacha tu," yule mwanamke alisema, akakata simu. Nzisa alimpigia tena hadi jioni. Simu haikupokelewa.