Mama Wengi na Saa Zilizosimama

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, anafuga sungura. Ana banda refu la mabati lenye vizimba arobaini, na kila kizimba kina namba na kadi. Jike akifikisha miaka minne na watoto wakaanza kupungua, kadi yake huchomolewa, na Jumamosi inayofuata huenda kwa mchinjaji. Simlaumu. Banda lile limesomesha watoto wake, na sijawahi kumwona akimsahau sungura hata mmoja kwa maji.

Mke wangu alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na moja. Alistaafu mwanzoni mwa mwaka huu. Tangu hapo alikuwa akiamka alfajiri, anaoga, anavaa, anakaa jikoni na mkoba magotini, halafu anakumbuka. Mimi nilikuwa najifanya sijaona.

Ijumaa moja tulikwenda kumsalimia dada yake. Mke wangu akasimama mbele ya kizimba namba saba, akaisoma kadi kwa makini, kama alivyozoea kusoma kadi za kliniki.

"Dada, huyu amezaa mara ishirini na mbili?"

"Watoto mia na hamsini na kitu. Amechoka sasa. Kesho anakwenda kupumzika."

"Kupumzika wapi?"

Shemeji akanitazama mimi kwanza. "Kwenye sufuria, mdogo wangu. Usiniulize kitu unachokijua."

Mke wangu akafungua kizimba, akaingiza mikono yote miwili. "Nipe mimi. Nimezalisha wanawake maisha yangu yote, sijaona hata mmoja aliyestaafishwa hivi."

Shemeji alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaacha kucheka. "Mchukue. Lakini sikilizeni, nyote wawili. Sungura si mbuzi. Akikaa siku nzima bila kula tumbo linasimama, na likisimama anakufa vibaya. Kesho saa nne napita kwenu nikienda kwa mchinjaji. Kama hajala, namchukua. Afadhali kisu cha mara moja."

Tukakubali.

Sebule yetu ndiyo karakana yangu. Mimi ni fundi saa. Sikufundishwa na mtu. Nilifungua saa ya baba nikiwa na miaka kumi na mbili, nikashindwa kuifunga, na tangu siku ile najifunza namna ya kuifunga. Wakati huo nilikuwa na saa tisa za ukutani za wateja, zote zikitembea, maana saa iliyotengenezwa huachwa itembee wiki nzima kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe.

Tulimwekea sungura gunia safi pembeni mwa kabati, nyasi kavu, maji, na chakula kilekile cha bandani. Mke wangu akaongeza majani ya karoti. Yule jike akajikunyata kwenye kona, masikio yamelala mgongoni, macho yamemtoka. Hata pua yake haikucheza. Mimi nikachukua daftari, nikaandika: saa nane, hajala. Saa tisa, hajala. Saa kumi, hajala.

Ndipo saa kubwa ilipogonga mara nne kutimiza hiyo saa kumi, nikamwona amestuka.

Nikajiweka katika nafasi yake. Nikajiambia: mzazi wa watoto mia na hamsini, amechoka, analetwa nyumba ngeni, anapigiwa makelele ya saa tisa za watu. Nikapanda kigoda, nikazisimamisha moja baada ya nyingine. Mke wangu akavua viatu. Tukafunga madirisha. Nikaenda kumwomba jirani apunguze redio, akapunguza, huku akiniuliza nani mgonjwa. Jioni ile tulikula kwa kunong'ona, kijiko hakikugusa sahani. Nyumba yetu haijawahi kuwa kimya namna ile, na nakiri kwamba nilijisifu moyoni.

Hakula.

Asubuhi nilimkuta mke wangu amekaa sakafuni karibu na gunia, jani la karoti limenyauka mkononi. Hakuwa na mkoba.

"Nimeshampa jina," alinong'ona. "Mama Wengi. Nimekosea. Wodini sikuwa namwita mtoto kwa jina kabla hajanyonya."

"Bado kuna muda."

"Saa ngapi sasa?"

Nikainua macho ukutani. Zote zilikuwa zinaonyesha saa kumi na dakika zake. Mimi, fundi saa, nilikuwa sijui ni saa ngapi.

Tulijua mlango ulipogongwa. Shemeji aliingia na kikapu chenye kifuniko, akasimama katikati ya sebule, akageuka huku na huku.

"Mbona hivi? Kuna msiba?"

"Polepole, dada," mke wangu akasema kwa sauti ya chini.

"Polepole ya nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Tumemwachia utulivu."

Nikamweleza kuhusu saa, redio ya jirani na viatu. Shemeji akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akaweka kikapu chini, akakaa.

"Shemeji, umesimamisha saa zote?"

"Zote tisa."

"Ili apumzike."

"Ndiyo."

"Mikono yako ina akili kuliko kichwa chako, usinichukie." Akavuta pumzi. "Banda langu lina sungura arobaini. Wanatafuna, wanakwaruza, wanagonga mabati, na redio inaongea kutwa nzima. Unajua ni lini banda lote lilinyamaza? Siku alipoingia nyoka. Mmoja alinyamaza, wa pili akasikia kimya naye akanyamaza, mpaka wote. Kwa sungura, kimya ndiyo habari mbaya. Wewe tangu jana unamwambia humu ndani kuna nyoka."

Nikapanda kigoda.

Nilianza na ile kubwa. Nikaisukuma, ikaanza kutembea. Mama Wengi akageuza sikio moja. Nikawasha ya pili, ya tatu. Mke wangu akafungua madirisha, akavaa viatu, akaenda jikoni kugongagonga vikombe. Shemeji naye akaanza kutusimulia habari za mkwe wa jirani yake aliyekuja kukaa siku tatu na sasa ana mwezi wa pili na anadai godoro jingine. Nilipofika saa ya sita, pua ya Mama Wengi ilikuwa inacheza. Saa ya tisa ilipoanza kutembea, nikasikia kitu kama mtu anayekata karatasi kwa mkasi mdogo.

Sote tukanyamaza.

Mkasi nao ukanyamaza.

"Ongea, dada," mke wangu akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. "Tafadhali, ongea."

"Miaka hamsini na nane," alisema shemeji, "leo ndiyo mara ya kwanza mtu wa ukoo wetu ananiomba niongee." Na akaongea. Mama Wengi alimaliza majani ya karoti, akahamia kwenye nyasi.

Shemeji alipoinuka kuondoka, aliacha kikapu palepale. Mke wangu akamkumbusha.

"Humo yumo namba nane," shemeji akasema akiwa ameshatugeuzia mgongo. "Wamekaa ukuta kwa ukuta miaka mitatu. Leo usiwachanganye, majike hupigana. Weka wavu katikati, wasikilizane kwanza. Kikapu nitakipitia siku nyingine."

Mke wangu alipiga magoti, akafunua kikapu, akaitoa kadi. Akaisoma kwa sauti kubwa, mstari kwa mstari: mara kumi na tisa, watoto mia na thelathini na wanne.

Mimi nikafungua daftari nikaandika: wamekuwa wawili, anakula. Saa sikuiandika. Nilikuwa nimeziwasha bila kuzirekebisha, na kila moja ukutani ilikuwa inasema lake.