Bega la Msusi

Msusi aliamka siku moja mkono wake wa kulia umegoma. Uliinuka hadi usawa wa kifua, basi. Akiulazimisha zaidi, bega linachoma kama moto. Wateja wakawa wanakaa sakafuni ili avifikie vichwa vyao. Mumewe, seremala, akajitolea kukipunguza miguu kiti cha saluni. Alipunguza mno, na jirani yao akasukwa huku magoti yakimgusa kidevu.

"Nenda ukatibiwe, mama watoto," mumewe akamwambia, "kabla sijavimaliza viti."

Mtaalamu wa viungo hospitalini, dada mpole mwenye vidole vigumu kama koleo, alimpindapinda mkono mpaka machozi yakamlengalenga.

"Mfupa mzima, msuli mzima," akasema. "Kinachokusumbua ni tishu unganishi. Kuna mfuko wa tishu hiyo unaokizunguka kiungo cha bega. Wako umekakamaa na kusinyaa."

"Kama sweta lililofuliwa kwa maji moto?"

"Hivyo hivyo."

"Na hiyo tishu kazi yake nini hasa?"

"Kushikanisha. Mfupa na mfupa, msuli na mfupa, ngozi na nyama iliyo chini yake. Isingekuwepo, ungemwagika hapo kitini."

Msusi akafikiri kidogo. "Basi ndiyo mimi nyumbani kwangu. Nikigoma, hata soksi hazionekani."

Dawa ilikuwa kuupandisha mkono ukutani kwa vidole, kama buibui, kila siku, bila pupa. Alianza amenuna. Wateja wakaanza kumsindikiza, saluni nzima ikawa inatambaa ukutani. Seremala naye akajaribu kwa majivuno, akakwama chini ya pale alipofika mkewe, akasingizia shati limembana.

Miezi ikapita. Kuna siku msusi alikata tamaa akalia mbele ya kioo. Kuna siku alipanda upana wa kidole kimoja tu, akashinda anaimba.

Asubuhi moja walikuwa wanabishana kuhusu paa. Mume alishikilia kwamba halivuji, ni jasho la bati.

"Jasho gani? Si tobo lile pale," mkewe akasema, akalinyooshea kidole.

Hakuna aliyelitazama tobo. Wote wawili waliutazama mkono, uliosimama wima juu ya kichwa chake.

"Uteremshe polepole," mume akanong'ona.

"Siuteremshi," msusi akasema, "mpaka ukubali kwamba ni tobo."

Akakubali.