Bisi Zilizobaki Kwenye Ndoo

Kwa miaka kumi na tisa niliona miisho mingi ya filamu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mwanzo sikuuona hata mmoja. Msinihurumie, ndiyo kazi. Mfagiaji wa ukumbi wa sinema huingia dakika tano kabla taa hazijawashwa, akasimama mlangoni na ufagio wake na mfuko wa takataka, akangoja watu watoke. Hivyo nimeona busu la mwisho, kaburi la mwisho, risasi ya mwisho. Nani alimpenda nani tangu lini, na yule aliyezikwa alikuwa mtu wa namna gani, hayo hayakunihusu. Ndiyo maana meneja alinibandika jina la Mama Mwisho, na jina likanata.

Mtaniuliza kwa nini nisikate tiketi kama watu wengine. Nilikata, mara moja, siku yangu ya mapumziko. Nikavaa gauni la kijani, nikakaa safu ya tano. Skrini bado nyeusi, mtu wa safu ya pili akamwaga soda, na sauti ya meneja ikaja kutoka nyuma: "Mama Mwisho! Njoo na tambara mara moja!" Nikainuka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliinuka. Nikapiga deki nikiwa na gauni langu la kijani, nikaenda zangu nyumbani, sikurudia tena.

Sasa, pale kazini tuna desturi. Kila mwaka tuzo kubwa za filamu zinapokaribia, meneja huchapa karatasi yenye vipengele kumi: mwigizaji bora wa kike, wa kiume, mwongozaji, muziki, mavazi, mpaka cha kumi, filamu bora ya mwaka. Kila mfanyakazi anajaza anayedhani atashinda. Atakayepatia vingi ndiye bingwa, na bingwa hupewa Jumamosi moja. Siku hiyo anachagua filamu, anakaa kiti cha katikati kabisa, na kazi yake inafanywa na bingwa wa mwaka uliopita. Meneja alikuwa ameshinda miaka sita mfululizo, kwa hiyo kipengele hicho cha kumfanyia mtu kazi hakikuwahi kumkosesha usingizi. Sisi wa usafi hatukuwahi kupewa karatasi. Hakuna aliyetunyima, ila pia hakuna aliyetukumbuka.

Mwaka huu nilikuwa nastaafu mwezi mmoja baada ya tuzo. Nikahesabu, nikaona kama si sasa basi ni kamwe. Nikaingia ofisini bila kubisha.

"Na mimi nataka karatasi."

Meneja aliinua macho. Si mtu mbaya, lakini ana tabia ya kucheka kabla mtu hajamaliza kusema. "Utatabiri nini, Mama Mwisho, na hujaona filamu hata moja?"

"Nimeona mwisho wa zote. Wewe nipe karatasi."

Akanipa, akicheka.

Aliyecheka zaidi ni wifi yangu. Huyu ni dada wa mume wangu, anauza bisi kwenye kaunta ya mbele. Ndiye aliyenitafutia kazi pale na hapitishi wiki bila kunikumbusha. "Wifi, tafadhali usituaibishe," aliniambia. "Kaka yangu alioa mke, hakuoa mpiga ramli."

"Wewe unauza bisi, wifi, lakini hujui zinaishia wapi. Mimi najua."

Na kweli nilijua. Sikilizeni siri yangu, maana sasa nimestaafu na sina wa kumficha. Filamu ikiwa mbovu, watu wanakula. Hawana la kufanya, mkono unakwenda kwenye ndoo wenyewe. Taa zikiwaka nakuta ndoo zimefutwa mpaka chumvi. Filamu ikiwa nzuri, mkono unasahau, na bisi zinabaki. Ikiwa nzuri sana, nakuta ndoo imejaa vilevile alivyoipima wifi, na karatasi za kufutia machozi ziko chini, hasa safu ya nyuma wanakokaa wanaume wanaojifanya hawalii. Tena kuna filamu moja kati ya mia ambayo taa zinawaka na hakuna anayenyanyuka. Nabaki mlangoni na ufagio mpaka mguu unakufa ganzi.

Mwaka huu kila mtu alikuwa ameshikilia filamu ya vita. Ilijaza ukumbi wiki saba. Magazeti yaliisifu, meneja aliisifu, fundi wa mashine, yule mzee anayeonyesha filamu kule juu, aliizungumzia kwa sauti ya chini kama mtu aliyeko msibani. Mimi nilifagia baada yake kila siku, na nakuambieni wanajeshi mia nne walikufa kwenye ile filamu na watu walikuwa wanatafuna. Sikubakiwa na bisi za kujaza kiganja. Debe tupu haliachi kuvuma.

Halafu kulikuwa na filamu nyingine, ilikaa siku tisa tu na watu hawakufika hata nusu ukumbi. Jina lake sikulijua, maana majina hutajwa mwanzoni. Nilichojua ni kwamba mwishoni mzee mmoja anasimama mbele ya mlango wa buluu, anaweka kiganja juu yake, haufungui, anageuka anaondoka. Basi. Siku zote tisa nilisimama na ufagio nikiwangoja watu waamke kutoka vitini. Ndoo zilikuwa zimejaa. Siku ya nne mwanamume mmoja alinipita mlangoni akaniambia "samahani, mama," na hakuwa amenikosea chochote.

Nikajaza karatasi yangu kwa lugha yangu. Mwigizaji bora wa kike: yule anayelia huku anamenya chungwa. Mwigizaji bora wa kiume: mzee wa mlango wa buluu. Kwenye mavazi nilisita, wifi akanishauri niweke ile ya malkia, kwa sababu ya vitambaa, nikamsikiliza. Filamu bora: ile ya mlango wa buluu.

Meneja aliisoma karatasi yangu mbele ya wafanyakazi wote, mstari kwa mstari. Walicheka mpaka wakashika mbavu. "Yaani ile ya mzee na nyumba yake?" akauliza. "Ile iliyotutia hasara siku tisa?"

"Hiyohiyo," nikasema. "Iandike."

Akaandika jina la ile filamu pembeni kwa kalamu nyekundu, akaibandika ukutani pamoja na nyingine. Sikwenda kulisoma. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na vyoo viwili vya kusafisha.

Sherehe yenyewe hufanyika mbali sana. Kwao ni usiku, kwetu ni asubuhi. Tulikusanyika sebuleni pale mbele ya kaunta, televisheni juu ya friji ya soda, wifi kashika kalamu ya kuweka alama. Mwigizaji wa kike, nikapata, kumbe yule wa chungwa. Meneja akakosa, akasema ni bahati. Muziki tukapata wote. Mavazi nikakosa, na nikamtazama wifi, naye akatazama dari. Kipengele baada ya kipengele vicheko vikapungua. Ilipobaki bahasha moja, mimi nilikuwa na saba na meneja ana saba. Fundi wa mashine alikuwa ameshuka ngazi, na huwa hashuki kwa ajili ya mtu.

Mwigizaji mmoja mkongwe akapanda jukwaani kuifungua ile bahasha. Karatasi ikagoma kutoka. Sikuwa nataka sifa. Nilitaka kukaa chini kwenye giza, tangu mwanzo, pasipo mtu kuniita.

Akasoma jina.

Sikulijua. Ukumbi wao ulilipuka kwa makofi, na mimi nilisimama pale sijui kama nimeshinda au nimeshindwa, kama mtu anayesomewa barua ya kigeni. Ndipo televisheni ikaonyesha kipande cha filamu iliyoshinda, na mlango wa buluu ukajaa skrini nzima.

Wifi alipiga kigelegele kilichotikisa chupa ndani ya friji. "Wifi yangu huyo! Mke wa kaka yangu! Nilisema mimi!" Hakuwa amesema, lakini nilimwachia.

"Ngojeni kwanza," meneja akasema. "Hakuandika jina la filamu. Sheria ni jina."

Fundi wa mashine akaenda ukutani, akabandua karatasi yangu, akamletea. "Jina lipo," alisema taratibu. "Na mwandiko ni wako, meneja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Meneja akayatazama yale maandishi ya kalamu nyekundu. Akavuta pumzi ndefu, na safari hii hakucheka. "Mama," akasema, bila kuongeza la Mwisho, "ufagio uko wapi?"

Jumamosi ile nilivaa gauni la kijani. Mume wangu alikaa kushoto, wifi kulia, na alinijazia ndoo ya bisi mpaka zikamwagika. Nilichagua ileile ya mlango. Fundi akazima taa, na kwa mara ya kwanza maishani niliona filamu ikianza. Ilianza na mlango huohuo, lakini ulikuwa mweupe. Kijana mmoja aliyeoa juzi alikuwa anaupaka rangi ya buluu, na mkewe anamcheka kwa sababu amejipaka mpaka kwenye nyusi. Ningewezaje kujua? Mara arobaini nilikuwa nimemwona mzee akiuwekea mlango ule kiganja, na sikujua kwamba alikuwa anaigusa rangi.

Katikati ya filamu mtu wa safu ya tatu akamwaga soda. Nilisikia glasi, nikasikia mtu ananong'ona, "Mwiteni yule mama." Miguu yangu ilishaanza kujikunja ninyanyuke. Wifi akanishika goti.

"Tulia," akasema.

Meneja akapita kwenye giza na tambara, ameinama asituzibie. Nikakaa.

Taa zilipowaka mzee alikuwa ameshageuka na kuondoka, na hakuna aliyenyanyuka. Nililia waziwazi, sikujali. Baadaye nikatazama mapajani nikaona ndoo yangu imejaa, hata moja sikula. Meneja alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, anabadilisha mguu huu na huu. Nikamwacha asimame.